Nilioa barazani kwa mzaha, tukichambua karafuu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi si mwandishi humu, ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Lakini hili limenikaa kifuani na sina wa kumwambia huku nilipo. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na nikipotosha Mungu ananiona.

Niko Pemba, Wete, mtaa wa Jadida. Nimemaliza chuo kikuu bara, shahada ninayo, ajira sina. Mama amehamia Unguja kwa dada yangu aliyejifungua, akasema anakwenda mara moja, na mpaka leo hajarudi. Kwa hiyo nyumba nzima nimebaki peke yangu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa overthinking. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu bila neno jingine, naweza kuifikiria hiyo "sawa" hadi adhana ya Alfajiri.

Kwa mtu wa namna hiyo, kukaa peke yake ni adhabu. Ndiyo maana nilikuwa sikosi barazani kwa Mzee Hamadi.

Mzee Hamadi ni jirani yetu, ana shamba la mikarafuu. Msimu ukifika karafuu mbichi zinaletwa nyumbani zikiwa na vikonyo vyake, na lazima zichambuliwe kabla ya kuanikwa. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Baada ya sala ya Alasiri majirani tunakaa kitako kwenye jamvi, tunachambua, tunakunywa kahawa, tunataniana.

Wakuu, utani wa pale si wa kawaida. Mzee Hamadi ni bingwa wa maskhara. Aliwahi kumwambia mtu ng'ombe wake ameingia msikitini, yule mtu akatoka mbio na povu la sabuni kichwani. Watu wakacheka wiki nzima. Mimi nilicheka pia, ingawa yule mtu sikumsahau, alivyokuwa amesimama mlangoni mwa msikiti anatafuta ng'ombe ambaye hayupo.

Mzee ana binti mmoja, nimwite Mize. Anasomesha watoto wa skuli ya maandalizi. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Anapita na mkoba wake, anasema "Assalaam alaykum," najibu, basi. Kisha naifikiria ile salamu mpaka kesho yake.

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Mtu hana kazi, atakwenda kuposa na nini?

Siku yenyewe tulikuwa wanne kwenye jamvi. Mzee Hamadi, mimi, na wenzangu wawili, Faki na Kombo.

Kombo ndiye aliyeanza. Aliniangalia vidole akasema, "Yakhe, huyu msomi anachambua utadhani anahesabu tasbihi. Konyo moja halimpiti."

Faki akasema, "Hana pa kwenda. Kwao hata paka kahama."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa paka alihama kweli.

Mzee Hamadi akaweka kikombe chini. "Mwacheni kijana wa watu. Mkono mwepesi huu hauachwi ukaondoka. Mie n'tamuoza mwanangu."

"Muoze basi," Kombo akadakia. "Mashahidi sisi hapa."

"Mahari je?" Faki akauliza.

"Mahari pishi ya karafuu kavu," Mzee akasema, na hapohapo akanishika mkono wa kulia kama anavyoshikwa bwana harusi. Akakaza uso. Anajua kukaza uso akitania, ndio ubingwa wake. Akanitaja kwa jina langu na la baba yangu, akasema, "Nimekuoza mwanangu Mize kwa mahari pishi ya karafuu kavu."

Wote wakaniangalia, wananisubiri niwe kichekesho.

Nikasema, "Nimekubali kumuoa Mize kwa mahari yaliyotajwa."

Sikubabaika wala sikucheka, neno zima lilitoka kwa mpigo mmoja. Maana wakuu, maneno yale nilikuwa nimeyasema peke yangu nyumbani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Barazani palilipuka. Faki aliangukia kwenye karafuu. Kombo akapiga kigelegele cha kike. Mzee Hamadi alicheka mpaka kofia ikamtoka.

Ndani ya nyumba kulikuwa na sauti ya mtu anakosha vyombo. Ikakoma.

Nilirudi nyumbani Magharibi. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kazi yake.

Sote tuliosoma chuo cha Qur'ani utotoni tulifundishwa kwamba kuna mambo ambayo Mtume, rehma na amani zimshukie, alituonya kuwa mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli. Kuoa ni mojawapo. Kuacha ni jengine. Nilianza kupanga: baba wa binti alikuwepo, mashahidi wawili wanaume walikuwepo, mahari yalitajwa, tamko la kuoza lilikuwepo, na kukubali nimekubali mimi mwenyewe kwa ulimi wangu.

Kilichobaki ni kwamba watu walicheka. Sasa kicheko kinavunja ndoa?

Nikaingia mtandaoni. Usifanye hivyo, mkuu, ukiwa na akili kama yangu. Kila video ina mtu anapiga kelele na kila mmoja ana jibu lake.

Kuna jambo dogo nataka nilieleze hapa, ingawa halina maana kubwa. Mlango wetu wa uani ulikuwa unalia tangu mama aondoke, bawaba imelegea. Sikuwahi kushughulika nao. Asubuhi iliyofuata nilijikuta nimeshika bisibisi naukaza. Nikafagia uani. Nikatoa shuka za mama sandukuni nikazianika juani.

Halafu nikasimama uani na bisibisi mkononi nikajiuliza, namtengenezea nani?

Hapo ndipo nilipojua kwamba barazani walitania watu watatu. Wanne hawakutimia.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Shehe wa msikiti wetu baada ya Adhuhuri, watu walipokwisha kutoka. Nilidhani atacheka anipe kahawa. Alinisikiliza akaanza kuuliza. Baba mwenyewe ndiye aliyetamka? Ndiye. Mashahidi walisikia vizuri? Walisikia. Mahari? Nikamwambia.

Kisha akasema, "Nyinyi vijana mmecheza mchezo gani?"

Akaagiza Mzee Hamadi aitwe. Mzee alikuja anatabasamu.

"Shehe, ilikuwa maskhara tu. Tunachambua karafuu, tunaliwaza roho."

Shehe akamwambia kwa upole kwamba mzaha si haramu. Mtume mwenyewe akitania, lakini hakuwa akisema ila kweli. Alimwambia mtu aliyeomba mnyama wa kupanda kwamba atampa mtoto wa ngamia, yule mtu akashangaa atapandaje mtoto, na kumbe kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Mtu akacheka na hakuna aliyedanganywa. Lakini anayesema uongo ili watu wacheke, huyo amepewa onyo zito, tena kwa kukaririwa.

"Na weye, Mzee Hamadi, hukutania kwa ng'ombe safari hii," Shehe akasema. "Umetania kwa ndoa ya mwanao."

Tabasamu likamtoka Mzee. "Kwani imesihi, imekuwa ndoa kweli?"

"Binti hakuulizwa, na wanazuoni wana maneno marefu kuhusu hilo. Mie sithubutu kusema imesihi, wala sithubutu kusema haikusihi. Utalala na shaka hiyo?"

Mzee Hamadi akakaa chini. Akasema, tena kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Shehe, kuna watu wa Gombani wameleta posa. Nilikuwa nakwenda kuwajibu Ijumaa."

Wakuu, hilo sikuwa nalijua.

Ikabidi njia ya salama itafutwe. Shehe akasema, kwa ihtiyati, yaani tahadhari, ili binti aolewe bila shaka juu ya shingo yake, nimwache kwa talaka. Kama hapakuwa na ndoa, hapana lililoharibika. Kama ilikuwepo, imeondoka. Na kwa kuwa hatukukaa pamoja, hana eda.

Kisha akanigeukia. "Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Ningesema nini tena? Nimwambie Shehe kwamba mwenzenu nimeshakaza bawaba?

Tulikwenda nyumbani kwa Mzee baada ya Alasiri. Faki na Kombo waliitwa pia. Mize alikaa nyuma ya pazia la chumba, nikaona ncha za vidole vyake vya miguu tu.

Nikatamka. Nimemwacha Mize binti Hamadi, talaka moja. Haya maneno sikuwa nimeyafanyia mazoezi, na yalitoka vibaya. Shehe akanitaka nirudie. Nikarudia.

Nilidhani yamekwisha. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Shehe, mie nina suali."

"Uliza mwanangu."

"Mahari yangu yalitajwa?"

"Yalitajwa. Pishi ya karafuu kavu."

"Mwanamke akiachwa kabla ya kuingiliwa, hupewa nusu ya mahari yake. Si ndivyo tulivyosomeshwa?"

"Ndivyo."

"Basi naitaka nusu yangu."

Mzee Hamadi akasema, "Mize mwanangu, hebu samehe, ulisikia kwamba ilikuwa mzaha."

"Baba, kama ni mzaha, Shehe kaja kufanya nini hapa?"

Mzee Hamadi akavua kofia akaiweka pajani.

"Nilikuwa nakosha vyombo," Mize akaendelea. "Nilisikia jina langu, nikasikia mnacheka. Kesho yake watoto wa skuli wananiita mke wa pishi. Mlicheka nyote. Mie nisicheke na langu? Nusu yangu naitaka, na isiwe na makonyo."

Nyuma ya nyumba yetu kuna mkarafuu mmoja wa mama. Nilikuwa nimeuchuma mwenyewe na karafuu zilishakauka, zilikuwa zinamsubiri mama arudi. Nusu ya pishi ni vibaba viwili. Nilikaa uani peke yangu nikazipitia punje kwa punje. Ni kazi ya watu, hiyo. Ukiifanya peke yako unasikia kila konyo linavyodondoka.

Kesho yake nilizipeleka. Mzee Hamadi, Faki na Kombo walikuwa jamvini, msimu haungoji mtu. Nikapiga hodi. Mize akatoka mpaka kizingitini, akapokea mfuko, akaufungua akaingiza mkono ndani.

"Umechambua vizuri."

"Ahsante."

Nikawa nageuka kuondoka.

"Ngoja," akasema. "Wote wameshaniomba radhi. Wote wamesema walikuwa wanatania. Weye hujasema kitu. Siku ile, weye ulikuwa unatania?"

Jamvini mikono yote ilisimama.

Wakuu, kwa akili yangu mimi, jibu hili lingehitaji mwezi. Nilipiga hesabu zote kwa mara moja. Nikisema nilitania, mambo yataisha, Kombo atatia neno, nitarudi kukaa kwenye jamvi, nitapewa kikombe changu. Jamvi lile ndilo watu wangu wote niliokuwa nao. Nikisema kweli, nitakuwa nimemvua nguo Mzee mbele ya mwanawe, na mwenyewe nitakuwa nimebaki uchi.

Na ile "nilitania" ingekuwa uongo. Uongo wa kuwafurahisha watu, uleule.

Nikasema, "Hapana. Mie sikutania."

Mize aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na yeye, na sidhani kama itatokea tena. Akasema taratibu, bila hasira, "Nyumba hii ina mlango. Umeupita kila siku. Ungebisha hodi kwa jambo hilo, ningelikusikiliza. Hukubisha. Umengoja baba acheze, ndio uingie na mchezo wake."

Akachukua karafuu zake akaingia ndani.

Watu wa Gombani walijibiwa kwamba posa yao imekubaliwa. Mize mwenyewe aliulizwa, safari hii, na akaridhia. Mambo yatakuwa baada ya msimu.

Mimi nilirudi barazani siku mbili tatu. Hakuna aliyenifukuza. Kikombe nilipewa. Lakini nikifika, maneno yanapungua. Kombo anauliza habari za interview. Faki anasema mvua inakuja. Mzee Hamadi siku moja alinishika bega akasema, "Nisamehe mwanangu, sikujua." Nikamwambia nimemsamehe, na nimemsamehe kweli. Akaacha maskhara tangu siku hiyo, hata na wengine, na naona kama wenzangu wananiona mimi ndiye niliyewanyang'anya Mzee wao.

Sasa Alasiri nasali, narudi nyumbani. Mlango wa uani haulii tena. Nimegundua kwamba ulipokuwa ukilia angalau kulikuwa na sauti.

Nilichojifunza, kwa mnaopenda kufupishiwa: mwenye kutania na amtanie mtu kwa kweli, kama ngamia na mtoto wake, na aliyetaniwa acheke wa kwanza. Asipocheka yeye, hicho si kichekesho, ni mtu anaumizwa mbele za watu. Na ndoa, talaka, kifo, hivyo viacheni nje ya jamvi, huwezi kujua nani kati yenu amekaa pale kimya hatanii.

La pili ni la watu wa aina yangu. Usilifiche jambo lako la kweli ndani ya mzaha wa wenzako ukidhani hapo ni salama. Mzaha ukipasuka, nalo linapasuka.

Nawaachia uwanja. Mnaoijua dini kuliko mimi, nirekebisheni nilipokosea, sitakasirika. Na kama yupo hapa ambaye siku moja alisema kweli mahali watu wote wakicheka, aandike hata mstari mmoja. Nitausoma. Nipo nyumbani.