Herufi Kubwa na Ukurasa Unaojichora

Hospitali nzima ilimwita Herufi Kubwa. Hata karani wa masjala alilazimika kufungua jalada kukumbuka jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mchora vibao. Kwa miaka ishirini na saba kila neno lililosomeka kwenye kuta zile lilikuwa limetoka kwenye brashi yake: SINDANO, MENO, MACHO, USITEME MATE, na kile cha chumba cha maiti, ambacho alikiandika kwa utulivu kuliko vyote kwa sababu, alisema, wateja wa pale hawana haraka.

Hakuwahi kuandika herufi ndogo. "Kibao hakinong'oni," alikuwa akisema. "Mtu amekuja na jino limemvimbisha shavu, machozi yanamtoka, halafu wewe umnong'oneze? Mpigie kelele! MENO! KUSHOTO!" Hata barua ya posa aliiandika hivyo hivyo, na inasemekana baba mkwe alipoifungua alidhani anafokewa, akamtoa binti upesi ili yaishe.

Kisha akaja mkurugenzi mpya. Alikuwa ametoka semina ya siku tatu, na kama walivyo watu wote wanaotoka semina, alirudi na mkoba, kalamu na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "shirikishi." Alilitumia kwenye salamu, kwenye rambirambi na kwenye tangazo la maji kukatika. Sasa hospitali nayo itakuwa na tovuti shirikishi, alitangaza mbele ya wafanyakazi wote. Mgonjwa akiingia mapokezi atakuta skrini, atagusa jina la chumba, na skrini itamchorea njia. Kuta zitapigwa rangi nyeupe, vibao vya zamani vifutike.

"Ni tovuti inayojibu," alisema Mkurugenzi. "Unaiuliza, inakujibu."

Mlinzi wa geti, ambaye husimama karibu na Herufi Kubwa kwenye kila mkutano ili wasengenye kwa pamoja, alimwinamia. "Mimi nimekuwa tovuti miaka kumi," alisema. "Wananiuliza, nawajibu. Hakuna aliyenipeleka semina."

Herufi Kubwa alicheka, mpaka iliposomwa sentensi iliyofuata. Kazi ya mchora vibao imefutwa. Lakini hospitali ni nyumba ya huruma, kwa hiyo mwenye kazi hiyo atapewa mafunzo ya wiki sita ya kutengeneza kurasa za wavuti. Akiweza kutengeneza huo ukurasa wa njia, na ukafanya kazi mbele ya kamati, atabaki kazini na cheo kipya cha afisa maudhui. Asipoweza, ataagwa kwa heshima. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Na kuagwa kwa heshima, wote mnakujua, ni soda moja na hotuba ndefu.

Mafunzo yalifanyika kwenye kilichokuwa chumba cha kufungia plasta. Chaki nyeupe ya plasta ilikuwa bado kwenye nyufa za sakafu, na kwenye kona palisimama magongo mawili ambayo wenyewe, bila shaka, walipona wakakimbia. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye kusema haraka kama anayefukuzwa. Binti alimwita mwanafunzi wake Baba. Herufi Kubwa alimwita Mwalimu. Wakaheshimiana hivyo, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo.

"Baba, ukurasa una lugha tatu," alisema siku ya kwanza. "Ya kwanza ni mifupa yake. Ya pili ni nguo. Ya tatu ndiyo tabia: mtu akigusa hapa, nini kitokee."

"Mifupa naijua, ni jengo la pili ghorofa ya chini," alisema Herufi Kubwa. "Nguo ni kazi ya mke wangu. Tabia ndiyo tatizo la hospitali hii nzima."

Lugha ya mifupa ilimvumilia. Aliiandika yote kwa herufi kubwa na ukurasa ukafunguka, mzuka mweupe wenye maneno yake. Lugha ya nguo nayo ilimsamehe mengi. Wiki ya pili alitembea kifua mbele, akamwambia mlinzi kwamba kompyuta ni ubao tu, ila hauna msumari. Wiki ya tatu akakutana na tabia.

Tabia haikuvumilia. Aliandika amri yake ya kwanza kwa herufi kubwa, na kompyuta ikamjibu kwamba kitu hicho haikijui. Akaiandika tena, kubwa zaidi.

"Baba, hapa ni herufi ndogo," alisema Mwalimu. "Yenyewe inatofautisha. Ukibadilisha herufi moja, kwake ni neno jingine kabisa."

"Yaani MLANGO na mlango ni vitu viwili?"

"Viwili, hata havijuani. Na maneno mawili yakiunganishwa, la pili ndilo linaanza na kubwa. Ona: onyeshaNjia."

Herufi Kubwa alisogeza miwani. "Herufi kubwa katikati ya neno? Imepandaje huko?"

"Ndivyo inavyoandikwa. Wanaiita nundu ya ngamia."

"Mwalimu," alisema taratibu, "huyu ngamia akipita kwenye ukuta wangu ningemfuta kwa tambara."

Na hilo la ngamia lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja Alhamisi. Mwalimu alisimama mbele ya ubao akasema kwamba kurasa za kisasa hazichorwi. "Siku hizi tunaeleza hali tu, Baba. Hali ya ukurasa ni nini sasa hivi: amechagua macho au amechagua meno? Hali ikibadilika, ukurasa unajichora upya wenyewe."

Herufi Kubwa aliweka kalamu chini. "Unajichora wenyewe."

"Wenyewe."

"Na mchoraji?"

Mwalimu alifikiri. Alikuwa binti mkweli, ndiyo maana hakupandishwa cheo popote. "Mchoraji anaangalia hali," alisema.

"Hali yangu naiona, Mwalimu."

Nyumbani, mke wake alikuwa fundi cherehani wa sare za wauguzi, na kila jioni alimpokea kwa swali lile lile bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Leo umetengeneza nini, baba watoto?"

"Kifungo."

"Kingine?"

"Kile kile cha jana."

Cherehani ilisimama. "Wiki ya nne, kifungo kimoja? Mimi gauni moja vifungo sita, na chai haijapoa."

"Changu ukikibonyeza kinajibu."

"Kinajibu nini?"

"Kinasema kuna kosa mstari wa kumi na nne."

Mke wake aliuma uzi akaukata. "Basi hicho si cha nguo. Hicho ni kifungo cha maisha."

Alicheka peke yake, kisha akaacha, kwa sababu aliona mumewe ameshika kitabu cha mkopo wa duka na anaandika pembeni, kwa herufi ndogo, *macho macho macho macho*, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alikuwa ameamua kuufundisha mkono. Kuanzia siku ile aliandika kila kitu kwa ndogo: orodha ya mahudhurio, ujumbe kwa mlinzi, hata jina lake kwenye kopo la rangi. Ilimuuma. Kila "a" ndogo ilionekana kwake kama mtu aliyejikunja asionekane. Lakini mkono ni mtumwa, ukiupiga vya kutosha unazoea.

Wiki ya tano Mwalimu aliingia akamwambia kwamba ile njia waliyojifunza wiki ya tatu imeshapitwa, kuna toleo jipya.

"Rangi ya mafuta inakauka kwa siku mbili," alisema Herufi Kubwa. "Maarifa yenu yanaoza kabla hayajakauka."

Hata hivyo Jumatano ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, alibonyeza macho na njia ikatokea. Yeye mwenyewe alikuwa amezichora njia hizo kumi na mbili kwenye karatasi kwa brashi: ukumbi, ngazi, benchi lenye mguu uliovunjika, mshale mwekundu. Alizipiga picha kwa simu, akaziweka kwenye folda. Ukibonyeza meno, macho inaondoka, meno inakuja. Inajichora. Alibonyeza mara thelathini. Mwalimu alipiga makofi, akaupitia msimbo wote, zile amri alizoziandika, mstari kwa mstari, hakuona kosa, kwa sababu kosa halikuwamo kwenye msimbo.

Kosa lilikuwa kwenye folda. Alipokuwa akizipa zile picha majina, Herufi Kubwa hakudhani anaandika lugha ya kompyuta. Alidhani anaandika kibao. Picha ina jina, jina la picha ni kibao chake, na kibao hakinong'oni. Basi kwenye msimbo aliita macho, kwa ndogo, kama alivyofundishwa. Kwenye folda akaandika MACHO. Na kompyuta ya chumba cha plasta, mashine ya zamani yenye moyo mwema, haikujali. Iliombwa macho, ikaleta MACHO.

Siku ya kamati alivaa koti la harusi. Ukurasa ulikuwa umepandishwa kwenye seva ya hospitali tangu jana yake, ile mashine kuu iliyofungiwa kwenye chumba chenye ubaridi. Mapokezi walikaa Mkurugenzi, metroni na mhasibu. Mlinzi alisimama mlangoni akajifanya analinda. Mkurugenzi, kwa kuwa jambo lilipaswa kuwa shirikishi, alimwita mgonjwa halisi kwenye foleni, bibi mmoja aliyekuwa amefunika jicho la kushoto kwa leso.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Macho, mwanangu."

"Gusa hapo."

Bibi aligusa. Ukurasa ukatulia, ukafikiri, ukachora upya. Katikati ya skrini, mahali pa ukumbi na ngazi na mshale mwekundu, pakatokea kipicha kidogo kilichochanika pembeni, kama tiketi iliyokwisha kutumika.

"Ndiyo njia yenyewe hii?" aliuliza bibi.

"Gusa meno," alisema Mkurugenzi.

Bibi aligusa meno, ingawa hakuwa nayo mengi. Kipicha kile kile kilichochanika. Sindano, kile kile. Herufi Kubwa alisogea akaomba kuuona msimbo. Aliusoma kuanzia juu mpaka chini. Aliujua kama anavyoujua mgongo wa mkewe. Kila herufi ndogo ilikuwa ndogo, kila nundu ilikuwa mahali pake. Akausoma tena. Hakuna kitu kinachomwacha mtu mikono mitupu kama kosa ambalo halipo pale unapoangalia.

"Jana ilifanya kazi," alisema.

"Jana hata mimi nilikuwa na nywele," alisema mhasibu.

Mwalimu alianza kubonyeza huku na huku. "Naomba dakika chache tu," alisema. Mkurugenzi alikuwa na kikao kingine, shirikishi zaidi. Alisaini barua ya kuagwa, akafunika kalamu. Bibi mwenye leso bado alikuwa amesimama mbele ya skrini. Mlinzi ndiye aliyemshika mkono akampeleka macho.

Haikupita nusu saa. Mwalimu alimkuta Herufi Kubwa kwenye chumba cha plasta, amekaa kati ya yale magongo mawili.

"Baba, nimeliona. Seva inajali herufi, hii mashine yetu haijali. Picha zote umezipa majina kwa herufi kubwa."

"Kwani picha hazipo?"

"Zipo zote kumi na mbili. Seva inazo. Ila kwake MACHO si macho."

Herufi Kubwa aliinuka. "Basi turekebishe."

"Nimesharekebisha. Dakika mbili tu. Inafanya kazi, Baba, inafanya kazi vizuri sana."

"Mwambie Mkurugenzi."

"Nimemwambia." Mwalimu alianza kulia kwa hasira, akajifuta kwa mkono wenye wino. "Amesema hongereni. Wataitumia kuanzia kesho. Na kuhusu wewe, amesema uamuzi umeshasainiwa."

Kwa hiyo ukurasa ulibaki kazini na Herufi Kubwa akaagwa. Soda ilikuwa ya moto. Hotuba ilitaja neno lile mara kumi na moja. Mlinzi alihesabu kwa vidole na akaishiwa vidole. Mke wake alimshonea shati la kwenda nalo nyumbani, vifungo sita, na safari hii hakutania.

Siku yake ya mwisho skrini ya mapokezi ilianza kujisasisha yenyewe. Kiduara kilizunguka, chini yake pameandikwa subiri. Watu wa macho wakaanza kuingia leba, na wa leba hawakuwa na muda wa kusubiri kiduara. Metroni akamfuata mbio.

"Fundi, nakuomba, kabla hujarudisha funguo. Kibao kimoja tu, cha macho. Ukutani pale, kando ya mlango wake."

Alileta kopo, akapima ukuta mweupe kwa macho, akachovya brashi. Mkono ulikwenda wenyewe. Ilikuwa kazi safi, mistari imenyooka, rangi imekaa. Alirudi nyuma hatua tatu. Mlinzi alikuwa amesimama getini, mkono juu ya paji la uso.

"Fundi! Umeandika nini hapo?"

"Macho!"

"Mbona sioni kitu? Nasogea, nasogea... Yaani, kaka yangu, hicho kibao kinanong'ona!"

Herufi Kubwa aliangalia. Ukutani palikuwa na neno *macho*, dogo, limejikunja, nadhifu, kama alivyoufundisha mkono kwa wiki kadhaa. Alichukua tambara lenye tapentaini, lakini ukuta mpya ulikuwa umeshainywa rangi.

Yule bibi wa leso alikuwa amerudi kwa miadi yake. Alisimama mbele ya ukuta, pua karibu iguse rangi mbichi, jicho moja likihangaika.

"Mwanangu," alisema, "macho ni wapi?"

Herufi Kubwa alifungua mdomo ampigie kelele, kama alivyowapigia wagonjwa kwa miaka ishirini na saba.

"Ni hapo ulipo, mama," alisema, na hata hilo lilimtoka kwa herufi ndogo.