Gauni Lisilo na Mgongo

Wifi yangu, mke wa kaka, alirudi kutoka Ufaransa kwa dada yake na karatasi moja ndani ya fremu. Mtaa mzima wa Makorora tukaitwa kuitazama.

Ulikuwa mchoro wa gauni, wa miaka ya hamsini, wa fundi mkubwa wa huko, kwa maneno yake. Penseli na rangi ya maji, pembeni mwandiko wa Kifaransa ambao hakuna aliyeweza kuusoma, na kipande cha hariri kimebanwa kwa pini yenye kutu. Mwanamke mwenyewe hana uso. Miguu mirefu haiishi, na kiuno ningekizunguka kwa viganja vyangu viwili. Nimeshona miaka thelathini na sijapata kumpima kiumbe wa namna ile. Tena kachorwa mbele tu. Fundi gani huyo anayeogopa kuonyesha mgongo wa gauni lake?

"Binti yangu atakaa nalo siku ya kupambwa," wifi akasema. "Kiuno hivi hivi, wifi. Usiniletee Kitanga chako."

Kitanga changu! Yeye kazaliwa Tongoni, hapa hapa Tanga.

Kitanga chetu ni hiki: mwali akishawekwa ndani kungoja harusi, anasingwa mwili kwa manukato na kulishwa. Uji, supu, mikate ya nazi, na hatoki kwenda popote. Siku yake anatoka amejaa, na ndivyo tunavyompenda. Kwa hiyo fundi wa hapa huacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono, upana wa vidole viwili, ili siku hiyo afumue na kuachia.

Mimi niliikata ile akiba. Nilishona kwa vipimo vya zamani, nikapunguza kiuno kama nilivyoagizwa, kisha nikapitisha mkasi karibu kabisa na uzi. Nilifurahi, sitaficha. Kila siku sinia za chakula zilipita mbele ya kibaraza changu zikienda kwa mwali, na mimi shangazi mtu, ambaye nisingezuiwa mlangoni, sikuingia kumpima tena. Nilikuwa nasubiri kuiona sura ya wifi zipu itakapogoma.

Zipu iligoma chini ya mbavu. Ukumbini wanawake walishaanza vigelegele. Wifi hakuaibika hata chembe. Alimgeukia mwanawe. "Si nilikwambia usile?"

Mtoto yule nilimshonea sare ya darasa la kwanza, na cherehani nilimfundisha mimi. Wanja ulikuwa unamchuruzika. Akaingiza vidole ndani ya mshono kutafuta akiba, vikaenda, vikarudi.

"Shangazi," akasema, "umeikata?"

Nilimfunika mgongo kwa shela, tukamkalisha akiwaelekea watu, nao wakasema kafanana na mchoro kabisa. Mimi nilikaa nyuma yake mpaka mwisho, nimeishika ile shela isianguke. Hakugeuka kunitazama hata mara moja.