Sista Gaudence Irambona, Aliyewafungulia Walimu Kabati

Alizaliwa Murusagamba, wilayani Ngara, mwaka 1966, katika msimu wa kuvuna maharage, mtoto wa tano wa mzee Philbert Irambona na mama Priscila. Nyumba yao ilisimama katikati ya migomba, karibu na mpaka kiasi kwamba mbuzi wao walikula Burundi na kulala Tanzania. Walikuwa wakulima Wakatoliki wa siku nyingi, watu wa rozari jioni na jembe asubuhi. Walipompa jina la Gaudence hawakujua kwamba maana yake ni mwenye furaha. Waliomfahamu wanasema jina hilo lilimpata mwenyewe. Alicheka kwa sauti hata kanisani, akakemewa, akacheka tena. Kwa jembe hakuwa na mpinzani kati ya ndugu zake, wa kiume wakiwemo, na baba yake alimjivunia hadharani.

Wito ulimjia akiwa na miaka kumi na tisa, masista walipofika parokiani kufundisha wasichana ushoni. Alimwambia mama yake kwanza, kama mabinti wote wanavyofanya. Shirika la masista hao lilitaka cheti cha ubatizo, na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu mzee Philbert alikichukua cheti hicho akakifungia ndani ya sanduku la bati, ufunguo akautia kiunoni. Hakuwa na ubaya. Hakutaka tu kupoteza mikono ile. Gaudence alilima msimu mzima bila kununa. Mwishowe mama Priscila ndiye aliyesema, wakiwa wanapalia muhogo: "Baba, umefungia karatasi. Mtoto mwenyewe ameshaondoka, hapa tunalisha mwili tu." Mzee alishinda siku mbili migombani peke yake. Siku ya tatu alifungua sanduku, akambebea binti yake mzigo mpaka barabarani, akamwambia, "Nenda, mwana wanje, mwanangu. Ukichoka, kwenu unakujua." Miaka yote Sista Gaudence alisema kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomfanya adumu katika utawa, kwa kuwa alibaki kwa hiari yake na si kwa kukosa pa kurudi.

Aliweka nadhiri zake za kwanza mwaka 1991, akasomea ualimu, na mwaka 1994 akatumwa kambini Benaco kufundisha watoto wa wakimbizi chini ya maturubai. Huko darasa la Jumatatu halikuwa darasa la Ijumaa. Watoto walihamishwa, waliugua, walichukuliwa na ndugu. Wenzake walikata tamaa ya kufundisha watu wanaopita. Yeye aliwafundisha kila siku kama watakaokaa milele, na walipoondoka aliwapungia mkono. Baadaye alifundisha dini na Kiswahili katika shule mbalimbali za shirika lake, bila makuu, mpaka Januari 2021 alipopewa kazi ambayo hakuna sista mwingine aliyeitaka: kuwa mkuu wa Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Koleta, pale Kanazi, huku huku Ngara.

Shule hiyo ilikuwa na majengo mazuri, maji safi na wasichana wenye akili, ila walimu hawakukaa. Mwalimu alikuja Januari na begi lake, ajira za serikali zilipotangazwa akatoweka. Na walitoweka kweli. Bodi ya shule, chini ya mwenyekiti wake Mzee Protasi, ilikuwa imeweka kanuni kwamba kila mwalimu akianza kazi akabidhi vyeti vyake halisi, vifungiwe kwenye kabati la chuma ofisini, asivipate mpaka mkataba uishe. Aliyetaka kuondoka kabla ya hapo aliitwa msaliti. Basi waliondoka alfajiri kwa mlango wa jikoni, wakaenda kuhangaikia nakala za vyeti huko mbele, na wasichana walijua kwamba mwalimu amekwenda pale tu kipindi chake kilipopita bila mtu. Kidato cha tatu kimoja kilisomeshwa mada ya kwanza ya fizikia na walimu wanne waliopokezana katika mwaka mmoja, kwa sababu kila mgeni alianza mwanzo, hakuwepo wa kumweleza mwenzake alikoishia. Wasichana wale waliijua mada ya kwanza kuliko sala ya malaika wa Bwana, na mada ya tano hawakuwahi kuiona.

Tusimwonee Mzee Protasi. Alikuwa ofisa wa serikali mstaafu aliyeuza ng'ombe wake ili bweni la pili liezekwe, na aliipenda shule hiyo kama mtoto wake wa mwisho. Aliamini kwamba kitu unachokipenda unakifunga. Sista Gaudence alimheshimu, akamwamkia "shikamoo, mzee" kila walipokutana, na mwaka wake wa kwanza wote aliutunza ufunguo wa kabati kama alivyoagizwa. Lakini waliokaa naye nyumba moja wanasema kwamba kila alipopita mbele ya kabati lile alikunja uso, yeye ambaye hakuwa na kawaida ya kukunja uso.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2022. Mwanzoni mwa mwaka Mama Mkuu wa shirika alimwita na kumwambia wazi kwamba matokeo ya kidato cha nne yakianguka tena, shule itafungwa, wasichana watawanywe. Sista Gaudence alirudi Kanazi na mzigo huo moyoni. Mwezi Juni ajira zikatangazwa. Mwalimu Derick, aliyefundisha fizikia na hisabati, jina lake lilikuwemo. Mwalimu Nyanda wa kemia, Msukuma mrefu mwenye kupenda utani, naye lake lilikuwemo. Hao wawili ndio waliokuwa nguzo za kidato cha nne, na mtihani ulikuwa Novemba.  Walimu wengine wakaanza kuuangalia mlango wa jikoni.

Sista alikaa kanisani mchana ule mpaka chakula kikapoa. Alipotoka aliwaita walimu wote ofisini, akalifungua kabati, akamkabidhi kila mmoja vyeti vyake mkononi, wanaoondoka na wasioondoka. Mwalimu Derick alivihesabu vyake kimoja kimoja. "Sista," alimwambia, "ukinipa hivi leo, kesho mimi sipo."

"Najua, mwanangu," alijibu. "Nakuomba kitu kimoja. Usitoke kama mwizi, hujaiba. Kaa siku hizi chache, nikutafutie wa kukupokea, halafu umpeleke darasani mwenyewe."

Ndivyo ilivyoanza desturi inayojulikana leo pale Kanazi kwa jina la kukabidhi darasa. Mwalimu anayeondoka husimama ubaoni pamoja na anayeingia, mbele ya wanafunzi. Husema amefika wapi, wapi wasichana wameelewa na wapi wanajidanganya kwamba wameelewa, nao wasichana wana ruhusa ya kumsahihisha. Siku ya kwanza msichana mmoja aitwaye Kwizera alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mada ya umeme umeipitia mbiombio. Usimwambie mwenzako kwamba tumemaliza." Darasa zima lilicheka, Derick akakubali kosa lake, na mgeni, kijana aliyetoka chuoni wiki ile, akaanzia kwenye umeme.

Kisha Sista akawasindikiza. Kwetu Ngara mgeni asiyesindikizwa ameambiwa asirudi, na walimu wa Mtakatifu Koleta walikuwa hawajawahi kusindikizwa na mtu. Siku ya Nyanda kuondoka alimfungia viazi vitamu na karanga, akaitwaa ndoo yenye vyombo vyake, akajitwisha kichwani juu ya shela, wakashika njia kuelekea barabara kuu wakipiga soga. Njiani wakakutana na Mzee Protasi. Mzee alisimama akaangalia ndoo, akaangalia sista.

"Mkuu wa shule mzima, unambebea ndoo mtoro!"

"Mtoro hasindikizwi, mzee. Huyu ni mgeni wangu anaondoka."

"Sista, unaiua hii shule. Watakuondokea wote."

"Wakiondoka wote, mzee, nitawasindikiza wote."

Maneno hayo yalikwenda mbali, na si kwa heri. Bodi ilikutana ikamlaumu. Wazazi kadhaa walikuja kuchukua mabinti zao kabla mambo hayajaharibika, na wengine wawili kati ya walimu waliopewa vyeti waliondoka kweli mwezi ule ule. Kijana mgeni wa fizikia alijitahidi, lakini kemia haikupata mtu kabisa. Julai nzima Sista Gaudence aliingia darasani na kitabu cha kemia asichokielewa, akasoma pamoja na wasichana mstari kwa mstari, akikosea na kusahihishwa. Usiku alilia. Hatufichi jambo hilo, kwa sababu watakatifu wa kwenye picha hawalii, na huyu wetu alilia. Aliogopa kwamba Mzee Protasi amesema kweli, kwamba kwa moyo wake laini amewauza wasichana waliokabidhiwa kwake.

Jumamosi moja ya Agosti bodaboda ilisimama getini, akashuka Mwalimu Derick, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepangiwa shule ya kata huko huko Murusagamba. "Sista, shikamoo," alisema. "Nimekuja kuangalia ule umeme." Alifundisha mpaka jioni, na kuanzia hapo akawa anakuja kila Jumamosi. Septemba akaja Nyanda kutoka Biharamulo, alikokuwa amepangiwa, naye amemleta mdogo wake aliyehitimu kemia na hajapata ajira. "Huyu mchukueni," alisema. "Anakula sana, lakini anafundisha." Sista alipiga kigelegele palepale getini. Wote hao wangeweza kukaa makwao wakapumzika, hakuna mkataba uliowadai. Walirudi kwa sababu njia ya kurudia ilikuwa wazi.

Matokeo yalipotoka, hakuna msichana hata mmoja aliyepata sifuri, na Kwizera alipata daraja la kwanza. Shule haikufungwa. Mzee Protasi alikuja kwa miguu, akiwa amevaa koti lake la ibada, akasimama mbele ya walimu akasema: "Mimi nilifunga, huyu akafungua. Kumbe mwenye akili alikuwa yeye." Kwa mzee wa hadhi yake haya hayakuwa maneno madogo, nasi tunamheshimu kwa kuyasema. Kabati lile lilihamishiwa jikoni, likawa la kuhifadhia sukari. Walimu wakaanza kuomba kazi Kanazi kutoka wilaya nyingine. Waliendelea kuondoka pia, maana ajira ni ajira, lakini hakuna tena darasa lililorudishwa mada ya kwanza.

Desemba 2023 ikaja zamu yake mwenyewe. Shirika lilimhamishia Biharamulo, akasaidie shule changa ya awali, na nafasi yake ikapewa Sista Tecla, kijana aliyekuwa msaidizi wake. Wazazi walichachamaa. Walikata migomba wakailaza barabarani ili gari la shirika lisipite, wakamtuma Mzee Protasi aseme kwa niaba yao. Mzee hakuona haya kusema kwamba huyu hawamwachilii. Sista Gaudence aliona kijana wake Tecla amejiinamia pembeni, mwenye hofu, akaelewa kwamba watu wale wanampenda kwa namna itakayomwangusha mwenzake. Alishuka garini akaanza kuiondoa migomba kwa mikono yake.

"Jamani," alisema, "nimewaruhusu walimu wote waende. Mimi nisiporuhusiwa, basi nilikuwa nawadanganya." Kisha akamshika Tecla mkono, akampeleka mbele ya wanafunzi, akamkabidhi shule kama mwalimu anavyokabidhi darasa, akitaja mbele ya wote aliyoyashindwa, yale ya kumalizia na yale ya kurekebisha. Wazazi walimalizia kuiondoa migomba wenyewe, wengine wakilia.

Kule Biharamulo aliishi mwaka mmoja tu. Aliwafundisha watoto wadogo wa Wakristo na Waislamu nyimbo za kuhesabu, akawachekesha mama zao, akaugua saratani ambayo hakumwambia mtu mpaka ilipojionyesha yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025, Sista Tecla alimjia kitandani na simu mkononi. Matokeo yalikuwa yametoka, ya kidato cha nne cha kwanza kufanya mtihani chini ya Tecla. Alimsomea polepole. Yalikuwa mazuri kuliko ya mwaka wowote wa Sista Gaudence.

Mgonjwa alinyamaza, na Tecla akaogopa kwamba amemuumiza. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi ya kucheka. "Bila mimi!" alisema. "Mungu asifiwe, Tecla, bila mimi!" Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alifariki tarehe tano Februari, asubuhi, akazikwa katika makaburi ya shirika huko huko Biharamulo. Wanaoishi karibu wanasema siku ya maziko mvua ilinyesha pande zote nne na makaburini hakukuwa na tone. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa miaka mingi bila ajira anashuhudia kwamba aliomba kaburini kwake na siku ile ile akaitwa kazini. Kanisa halijatamka lolote juu ya mambo haya, nasi hatulitangulii. Tunayaandika kama tulivyoyapokea kwa walioyaona.

Ajabu tunayoweza kuithibitisha wenyewe ipo Kanazi, na yeyote anaweza kwenda kuiona. Shule iliyokuwa ikitikisika kila mwalimu mmoja alipofunga begi, imempoteza mama yake na haikutikisika. Sisi wa Ngara tunajivunia hilo, na hatuoni aibu kulisema kwa sauti. Basi wewe uliyepewa watu wa kuwaongoza, iwe shule, jumuiya au nyumba yako mwenyewe, mwige dada huyu. Fanya kazi yako vizuri kiasi kwamba siku utakayoondoka, wanaobaki walie kwa upendo, wafute machozi, na waingie darasani.