Mhesabu Uduvi

Kule maabara walimwita Mama Hesabu, na si kwa kuwa alisoma sana. Shule aliishia darasa la saba. Ila macho alikuwa nayo, na subira pia. Aliajiriwa kuosha vyombo vya kioo. Kuhesabu uduvi aliongezewa baada ya kumsahihisha hesabu daktari mtafiti mara mbili mbele ya watu, na daktari akaishia kucheka na kumsogezea kiti.

Daktari huyo alifuga sianobakteria, ule utando wa kijani unaoota juu ya maji yaliyotuama. Aliukausha, akaukamua, akisaka ndani yake kitu kinachoweza kuwa dawa. Kila alichokamua kilipewa namba, kikapita kwanza kwa Mama Hesabu: vitoto kumi vya uduvi ndani ya kichupa, kitone kimoja, kisha kesho yake anainama na kioo cha kukuzia kuhesabu wanaoogelea na waliolala chini.

Nyumbani aliishi na mwanawe mchanga na dada yake. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea Mama Hesabu, akamlisha uji kwa kijiko, akambeba mgongoni mpaka watu wakasema ni mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Sasa dada alikuwa na uvimbe kwenye titi, na zilibaki wiki tatu kufikia tarehe ya kuanza matibabu hospitalini.

Jumatatu moja daktari aliingia kazini akitabasamu kama mtu aliyepata mtoto. Namba tisa, alisema, imeua seli za saratani kwenye kisahani cha majaribio. Mama Hesabu alisikia "imeua saratani", mengine yakampita. Jioni aliondoka na kichupa namba tisa, amekiviringisha kwenye soksi ya mwanawe.

Siku nyingine dada angemtania kwamba yeye ni mtu wa dawa, huku mgonjwa wake anaishia kunywa maji ya moto. Leo hakutania. Alisikiliza habari yote, akafungua kinywa kama kinda.

Kijiko kikajaa. Mkono ukagoma. Mama Hesabu alikuwa ameikumbuka Ijumaa: namba tisa, kumi chini, hakuna hata mmoja aliyetikisa mguu. Aliandika mwenyewe.

"Funga mdomo, dada," alisema. "Uduvi wote walikufa. Niliwahesabu mimi. Kile kisahani hakina ini wala moyo, wewe unavyo."

Dada alikisogeza kijiko kando, akauliza:

"Humu ndani tuko wangapi?"

"Watatu, pamoja na mtoto."

"Basi hesabu hiyo usije ukaiharibu."

Kesho yake Mama Hesabu alirudisha kichupa na kusema kweli. Daktari alimnyang'anya ufunguo wa kabati, akafoka, kisha sauti ikamshuka. Kutoka kisahani hadi kwa mtu ni miaka, alimwambia, na huenda namba tisa isifike kabisa.

Wiki tatu zilipotimia, Mama Hesabu aliomba ruhusa ya kumsindikiza dada hospitalini. Siku hiyo daktari alihesabu uduvi mwenyewe. Alikosea.