Shuka Tatu za Kitanda Kumi na Nne

Mpwa wangu alijifungua mtoto wa kiume alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshaitangazia hospitali nzima kwamba kitoto kimechukua kichwa changu. Wauguzi wakasema basi wanakipa pole. Mimi ndiye msukuma toroli la nguo chafu pale, na bila mimi hospitali ingenuka ndani ya siku mbili tu. Waulize.

Chumba cha kufulia ni cha mtawa tunayemwita Sista Sabuni. Shirika lao kazi yake ni kuuguza wagonjwa, na kila binti anayeingia huota wodi. Yeye alifeli mtihani wa uuguzi mara mbili, akapewa mabeseni. Miaka kumi na tisa sasa. Nikimtania kwamba ameolewa na sabuni, hujibu kwamba afadhali, sabuni haijisifu.

Kila shuka ina namba ya kitanda iliyoshonwa kwa uzi wa bluu kwenye pindo, naye huisoma kabla ya kuloweka. Siku hiyo alishika shuka moja, akasita, akalipekua rundo zima. Akaniuliza kumi na nne analala nani. Nikamjibu kwa madaha kwamba ni mama wa mjukuu wangu.

Hakucheka. Alitandaza sakafuni shuka tatu, zote za kitanda kumi na nne, zote zimelowa damu mbichi. Wahudumu watatu walikuwa wamezibadilisha kwa zamu, kila mmoja ameona moja tu.

Sasa, watawa wale wana utii wao: wa kufulia hapandi wodini bila ruhusa, na Mama Mkuu alikuwa ametoka. Nikasema tumsubiri. Sista Sabuni alizikumbatia zile shuka, akapanda ngazi na viatu vyake vya mpira vinavuja maji. Nikamfuata.

Mlangoni akazuiwa na mkunga, mtawa mwenzake, mdogo kwa umri, mkubwa kwa cheo.

"Sista, mzazi kutokwa damu ni kawaida. Amelala, mwache apumzike."

"Hajalala huyo."

"Umejuaje, nawe hujamwona?"

"Nimeona shuka zake." Akazibwaga miguuni pa mkunga. "Za tangu asubuhi. Kitanda kimoja. Hesabu mwenyewe."

Mkunga akasoma pindo la kwanza, la pili. La tatu hakulimaliza, alikimbia. Alipofunua blanketi, shuka ya nne nayo ilikuwa imelowa, na midomo ya mpwa wangu ina rangi ya majivu. Nilimwita kwa jina la utotoni. Hakuitika. Mkunga akaanza kumkanda tumbo kwa nguvu huku akiagiza sindano, dripu, daktari. Mtu akanisukuma nje.

Tulisimama ukutani. Sista Sabuni alisali bila sauti. Mimi, nisiyekosa neno harusini wala msibani, niliukodolea macho mlango. Daktari aliingia mbio, mlango ukafungwa nyuma yake.

Mkunga alipotoka, jasho linamtiririka, alimtazama mwenzake, si mimi.

"Damu imekata. Tungechelewa kidogo tungemkosa." Akashusha pumzi. "Mama Mkuu akiuliza, nitasema nilikuita mimi."

"Usiseme uongo kwa ajili yangu. Sema nilipanda mwenyewe."

Nilikuwa nafuta macho kwa mkono wa shati. Sista Sabuni akanigeukia.

"Ingia ukamwone, babu mtu. Ukitoka, chukua toroli. Shuka hazijisukumi."