Masikio ya Mbuzi Mfukoni mwa Mjomba

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea koti kwenye kibanda changu cha udobi hapa Chimwaga, na nilipolizamisha tu kwenye beseni likatoa harufu ya beberu. Kwa sisi tuliokulia kijijini si harufu ya kuchukiza, jamani. Ni kali, inapanda puani kama ugoro, halafu inakaa. Nikaacha kufua. Nikawa na miaka tisa tena, nimejibanza nyuma ya mlango kwa bibi, nanusa koti la mjomba Elia kama mbwa wa polisi.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Mtera. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama akaenda Maskati kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Akaniacha kwa bibi mzaa mama na mjomba Elia, mdogo wa mwisho wa mama. Aliahidi kwamba akirudi atajenga nyumba ya bati, tuwe na mlango wetu. Mimi nilikwisha kuchagua chumba na pazia la njano, kwa nyumba ambayo hata msingi haukuchimbwa. Ndivyo nilivyo mpaka leo.

Pesa za mama ziliingia kwenye simu ndogo ya mjomba. Ule mlio ukilia, mjomba alioga, jambo ambalo peke yake lilitosha kutia shaka. Alivaa koti, akaazima baiskeli, akaenda kwa wakala senta, mwendo wa saa moja. Akarudi kesho yake jioni. Alileta sukari, sabuni, madaftari yangu, dawa ya presha ya bibi, na pumzi ya pombe ya mtama. Na koti linanuka beberu. Sasa nisaidieni ninyi. Zizi letu lilikuwa tupu, mifugo yetu ni kuku watatu na paka asiye na msimamo. Beberu alitoka wapi?

Nilimuuliza bibi. Akaendelea kusonga ugali wa uwele bila kugeuka, akasema nimuulize mwenye koti, na kwamba mdomo wa mtoto ni zizi lisilo na mlango. Nikaona naye yumo.

Jirani yetu, Mama Sikujua, hakungoja kuulizwa. Alikuwa akinisuka nywele kila Jumamosi, kichwa changu kimebanwa kati ya magoti yake, siwezi kukimbia habari hata ningetaka. Alisema mwanaume wa namna ile ana mwanamke mahali, na mwanamke huyo anafuga. "Mama yako anapiga deki huko Uarabuni," akasema, "mwenzake huku ananenepa."

Hapo ndipo nilipoingiza mkono mfukoni mwa koti. Nikatoa kiberiti. Ndani hapakuwa na njiti, palikuwa na vipande vidogo vikavu, vyenye manyoya, vimetungwa kwenye uzi kama shanga. Nikavigeuza. Zilikuwa ncha za masikio ya mbuzi. Ndugu zangu, nilikirudisha kile kiberiti mfukoni haraka. Nikajua mjomba amemroga mama asirudi, ili pesa ziendelee kuja. Usiku ule nililala nimejifunika gubigubi na joto lote lile.

Mama alikuwa akipiga Jumapili, kwa simu ya Mama Sikujua iliyokuwa kubwa na yenye sauti ya nje wakati wote, eti spika ya sikioni imekufa. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, na kabla hajauliza ya shule nikamwaga yote.

"Mama, usitume tena. Mjomba anahonga mwanamke mwenye mbuzi. Na wewe amekuroga kwa masikio."

Kule kwake nikasikia mtoto wa watu akilia. Kisha mama akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Ni mbuzi wangu hao, mwanangu. Kila mmoja mjomba wako akimnunua anamkata sikio, alama yetu, kipande ananitunzia nije nijionee. Wako kwa watu." Halafu akashusha sauti. "Hapo uko na nani?"

Mama Sikujua alikuwa ameacha kuchambua mchele.

Kwetu Ugogoni mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote zizi moja. Anaigawa kwa marafiki, kijiji hiki na kile, na anayekutunzia anapata maziwa na mtoto wa mbuzi mara mojamoja. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja haukumalizi. Na mbuzi wasioonekana hawaombwi. Mjomba alikuwa akizunguka na baiskeli kuwanunua, kuwapeleka na kuwakagua, na ukifika kwa mtu huondoki bila kupewa kibuyu cha pombe unywe.

Jumapili nyingine haijafika, baba mkubwa akaja, ana kijana wa kuoza. Akafuata shangazi, anaumwa mgongo. Ndugu akishajua unao, utamwambia nini? Mvua zilipoanza, mbuzi waliobaki hawakutosha hata milango ya ile nyumba. Mama akasaini miaka miwili mingine.

Waliokuwa wakitutunzia mbuzi walimuuliza mjomba nani katoboa siri. Akasema ni yeye, pombe ilimponza. Nilimfuata anaziba pancha, nikalia mpaka nikakosa sauti. Hakuinua kichwa.

"Ungeniuliza ningekudanganya," alisema. "Kwa hiyo tusilaumiane."

Nilidhani ananionea huruma tu. Nimeelewa juzijuzi, nilipoanza kushika hela za jasho langu na kuona zinavyonukia kwa ndugu. Mjomba alijua anaitwa mlevi, mla pesa za dada yake. Angeweza kujisafisha kwa sentensi moja, akaacha waseme, maana aliyekunywa vyote haombwi kitu. Jina lake ndilo lililokuwa boma la wale mbuzi, na mimi ndiye niliyelibomoa.

Mama alirudi, bati lipo. Sasa mimi ndiye ninayemtumia mjomba kidogo, ya bibi na ya mbuzi mmoja nikijaliwa. Mwezi uliopita Mama Sikujua alinipigia. Akaniuliza wateja, akaniuliza mchumba, halafu kwa sauti tamu akasema anasikia mjomba ananiwekea mbuzi, eti wako upande gani siku hizi.

"Mbuzi gani, mama?" nikamwambia. "Yule hela zote anazinywa."