Ukuta wa Fundi Saa

Safu ile ya maduka ilikuwa na milango mitano. Mama Cherehani alianza na mmoja, wa mwisho kushoto, akiwa na cherehani ya kukanyaga na kiti kilichofungwa kwa waya. Ndani ya miaka kumi na miwili akanunua wa muuza vitambaa, wa dobi na wa fundi viatu. Ukabaki wa katikati, wa fundi saa.

Hakununua duka tupu hata mara moja. Alinunua duka na mwenyewe ndani. Dobi alibaki na pasi yake, fundi viatu na nyundo yake, ila sasa kwa mshahara, maana wateja walizifuata sura walizozizoea. Kisha akawaunganisha. Suti ikija kufuliwa, kabla haijagusa maji imeshakaguliwa: kifungo kimelegea, bitana imechanika. Na viatu je? Aliyekuja kulipa mara moja aliondoka amelipa mara tatu, na anashukuru.

Kasoro ilikuwa fundi saa, aliyekaa pale katikati kama jino lililogoma kung'oka. Nguo za dobi zilizungushwa nje kufika kwenye cherehani, na mvua ikinyesha zinafuliwa upya.

Basi kila siku saa nne asubuhi Mama Cherehani alibeba chupa ya chai, akaenda kukaa kwenye kigoda cha wateja wa saa.

"Leo umekuja na ngapi, jirani?"

"Nimeongeza kidogo juu ya jana."

"Hiyo inanunua mlango. Bawaba utanunua kwa nani?"

"Mlango wenyewe umeliwa na mchwa."

"Waache, nao wana familia. Mimina chai, na leo usiwe mkono wa birika."

Walivutana hivyo miaka sita. Mume wa Mama Cherehani alikuwa amekufa. Binti yake ameolewa mbali na hupiga simu akiwa na shida. Wale wengine wa safu, waliomwita jirani zamani, walianza kumwita bosi siku ileile ya kutia saini, na vicheko vyao vilikatika akitokea mlangoni. Hakuwalaumu. Ila chai yake aliinywea kwa fundi saa.

Jumatatu moja alimkuta amepiga magoti, anapapasa sakafu akitafuta skrubu ambayo ilikuwa juu ya meza, mbele ya pua yake. Mama Cherehani aliiona. Akaona pia kwamba bei imeshuka.

Kesho yake akaja na bei ya chini kuliko ya wiki iliyopita. Ilikuwa mbinu tu: mwenzake angefoka, angeitukana cherehani na aliyeiunda, kisha wangepanda polepole mpaka pale alipokuwa tayari kufika. Hata majibu ya matusi alikuwa ameyaandaa.

Fundi saa akavua kioo chake cha kukuzia jichoni, akakifuta.

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Bei hiyo. Nitakaa hapa napokea saa, atengeneze mwingine. Si ndivyo unavyofanya?"

"Hebu subiri. Hujakataa."

"Nimekubali."

"Umekubali bei ya kunyonga! Niulize bawaba nitanunua kwa nani."

"Mlango umeliwa na mchwa," alisema fundi saa. "Lete karatasi."

Mama Cherehani angeweza kuongeza mwenyewe. Aliligeuza wazo hilo upande huu na huu, akaliweka chini. Bei iliyokubaliwa haiongezwi. Wakatia saini.

Ijumaa ukuta ulibomolewa. Nguo zikapita ndani, kavu, na mahesabu yake yote yakawa sawasawa.

Jumamosi saa nne akachukua chupa yake, akapita pale palipokuwa na ukuta. Fundi saa alikuwa anacheka na dobi. Wakanyamaza. Fundi saa akasimama, akafuta kiti chake kwa kiganja, akamsogezea.

"Karibu, bosi."

"Kaa wewe. Mimi nina kigoda changu."

"Nimeshakaa sana."

Mama Cherehani akamimina vikombe viwili. "Haya, niulize nimekuja na ngapi."

Fundi saa akamtazama dobi, kisha akatazama chini, kwa adabu.

"Asante kwa chai, bosi," alisema, akaenda kuinywea kwenye kaunta, amesimama.